Shajara ya mradi: faili hizi ni za programu gani?

Lengo, na safu tatu za jedwali

Kazi iliyopo mezani ni diski ya seva ya zamani. Imejaa faili ambazo hazina kiendelezi kabisa, au zina kiendelezi kisichosema kitu (.dat, .bak, .001, .old), au kiendelezi kinachodanganya. Kinachotakiwa mwishoni ni jedwali moja ambalo kila faili ina jibu.

Swali "faili hii ni ya programu gani" lina majibu matatu, na yakichanganywa jedwali halina maana. La kwanza ni umbizo, yaani mpangilio wa baiti zenyewe. La pili ni programu iliyoiunda faili. La tatu ni programu inayoweza kuifungua leo. Faili ya DBF (jedwali la hifadhidata) huenda ilizaliwa na Clipper, zana ya zamani ya hifadhidata, na leo itafunguliwa na LibreOffice Calc bila shida. Kwa hiyo jedwali lina safu tatu za majibu na ya nne ya ushahidi: ni baiti zipi, kwenye nafasi ipi, zilizotupa jibu hilo. Mstari usio na ushahidi unahesabika kuwa haujajibiwa, hata kama kila aliyeutazama anakubaliana nao.

Kiendelezi chenyewe tunakichukulia kama tetesi. Windows huchagua programu ya kufungulia kwa kiendelezi tu, ndiyo maana watu wengi hudhani ndicho kitambulisho cha faili. Lakini .pub ni chapisho la Microsoft Publisher na pia ni ufunguo wa umma wa SSH. .key ni wasilisho la Keynote na pia ni ufunguo wa siri wa seva. .wps ni ya Microsoft Works na pia ya WPS Office. .ts ni video, ni msimbo wa TypeScript, na ni tafsiri za Qt.

Nakala kabla ya kugusa chochote

Diski imepandishwa kwa kusoma tu (`mount -o ro`), yaliyomo yamenakiliwa kwa `rsync -aX`, na kila nakala imepewa hashi ya SHA-256, namba inayotambulisha yaliyomo kama alama ya kidole. Alama ya `-X` si pambo. Inabeba sifa za ziada za faili, na kwa faili zilizopitia Mac humo ndimo jibu linamoweza kuwa limejificha.

Faili isiyojulikana haibofywi mara mbili "tuone itafunguka na nini". Kufungua ni hatua ya mwisho. Zipo programu zinazoandika ndani ya faili kwa kuifungua tu. Access huweza kubadilisha tarehe ya hifadhidata hata kama hukugusa rekodi yoyote. Nyingine hujitolea kubadilisha umbizo la zamani kuwa jipya, na ukikubali kwa haraka ushahidi umeondoka.

Hashi zimetumika kwa mambo mawili. Kwanza zimeondoa marudio. Pili zimelinganishwa na NSRL, orodha ya NIST ya Marekani yenye hashi za faili za programu zinazojulikana. Kila kilicholingana ni sehemu ya mfumo au ya programu fulani, si kazi ya mtumiaji, kwa hiyo kimewekwa kando. Hatua hii hupunguza rundo kuliko nyingine yoyote na haihitaji akili nyingi.

Majirani nao wameorodheshwa: folda, tarehe na faili zinazokaa pamoja. Faili ya baiti 162 ambayo jina lake linaanza na `~$` ni alama ya kufuli ya Word, na ndani yake kuna jina la aliyekuwa amefungua waraka. Faili za FILE0000.CHK zimeachwa na CHKDSK, zana ya Windows ya kukagua diski, baada ya diski kuharibika. Hizo ni vipande vya faili nyingine, na kipande kinaweza kuanzia katikati.

Baiti za mwanzo

Hatua ya kwanza kwa kila faili iliyobaki ni kuonyesha baiti 64 za mwanzo, kila moja ikiandikwa kwa heksi (namba za msingi wa 16):

`xxd -l 64 faili`

Kwenye Windows bila programu ya ziada, PowerShell inatosha: `Format-Hex faili | Select-Object -First 8`. Saini, yaani baiti maalumu zinazotambulisha umbizo, zilizojitokeza mara nyingi kwenye diski hii ni hizi:

```
25 50 44 46 2D            %PDF-   PDF
89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A   PNG
FF D8 FF                  JPEG
50 4B 03 04               PK      ZIP na ndugu zake
D0 CF 11 E0 A1 B1 1A E1   OLE2    Office ya zamani na nyinginezo
52 49 46 46               RIFF    sauti, video, CorelDRAW
4D 5A                     MZ      programu ya DOS/Windows
1F 8B                     gzip
37 7A BC AF 27 1C         7z
53 51 4C 69 74 65 20 ...  "SQLite format 3"
FF 57 50 43               WordPerfect
38 42 50 53               8BPS    Photoshop
```

Zipo saini ambazo hazikai mwanzoni, na anayetazama baiti 64 za kwanza pekee atazipita. Kwa hesabu inayoanzia sifuri, tar ina neno "ustar" kwenye nafasi ya 257, picha za kitabibu za DICOM zina "DICM" kwenye 128, na taswira ya CD ya ISO 9660 ina "CD001" kwenye 32769. MP4 na jamaa zake zina "ftyp" kwenye nafasi ya 4, na herufi nne zinazofuata ndizo zinazotenganisha: "qt  " ni QuickTime, "M4A " ni sauti, "heic" ni picha ya simu ambayo mtu aliibadilisha jina ikawa .jpg akashangaa haifunguki.

Video ya MPEG-TS haina kichwa cha maana. Ina baiti 47 inayojirudia kila baada ya baiti 188. Ukiona 47 kwenye nafasi 0, 188, 376 na 564, hiyo ni TS. Ukiiona kwenye 0 peke yake, ni herufi "G" tu.

DWG, michoro ya AutoCAD, ni rahisi kuliko zote, kwa sababu baiti sita za kwanza ni maandishi ya toleo. AC1015 ni AutoCAD 2000, AC1018 ni 2004, AC1021 ni 2007, AC1024 ni 2010, AC1027 ni 2013, AC1032 ni 2018. Programu iliyowekwa kabla ya toleo hilo haitaifungua faili, nayo mara nyingi husema faili "imeharibika" wakati ni nzima kabisa.

Saini fupi ziogopwe. "BM" ni picha ya BMP, lakini waraka wowote wa maandishi unaoanza na herufi hizo utaitwa picha na zana isiyo makini. CA FE BA BE ni darasa la Java na pia ni programu ya Mac yenye usanifu zaidi ya mmoja. Kinachoamua ni baiti nne zinazofuata. Kwa Java ni namba ya toleo, kuanzia 45 kwenda juu. Kwa Mac ni idadi ya usanifu, ambayo huwa ndogo, mfano 2 au 3.

Hali: sehemu kubwa ya rundo imepata umbizo. Safu ya "programu iliyoiunda" bado ni tupu kwa nyingi, maana saini imetaja kontena tu, yaani umbizo la nje linaloweza kubeba aina nyingi za faili.

Ndani ya PK

Herufi PK ni za Phil Katz, aliyeanzisha umbizo la ZIP, na zimekaa mwanzoni mwa mamia ya maumbizo ambayo hakuna anayeyaita ZIP. Dawa ni kuorodhesha yaliyomo bila kuyafungua: `unzip -l faili`.

Ukiona `word/document.xml` ni DOCX, `xl/workbook.xml` ni XLSX, `ppt/presentation.xml` ni PPTX. `AndroidManifest.xml` pamoja na `classes.dex` ni APK. `META-INF/MANIFEST.MF` bila hizo mbili ni JAR. `doc.kml` ni KMZ ya ramani. Folda ya `Payload/` ni programu ya iPhone. ODF (nyaraka za LibreOffice na wenzake) na EPUB (vitabu) ni za kiungwana zaidi: kipengele cha kwanza kinaitwa `mimetype` na hakijabanwa, kwa hiyo `xxd -s 30 -l 64` inaonyesha jina hilo kwenye nafasi ya 30 na aina yenyewe kuanzia ya 38, mfano `application/epub+zip`.

Kujua nani aliiunda kunahitaji hatua moja zaidi. Kwa faili za Office mpya:

`unzip -p faili docProps/app.xml`

Humo kuna `Application` na `AppVersion`. Kwa Word halisi, 12.0000 ni Office 2007, 14.0000 ni 2010, 15.0000 ni 2013, na 16.0000 ni 2016 na zote zilizofuata, maana Microsoft iliacha kupandisha namba hiyo. Faili nyingi za DOCX hazikuandikwa na Word hata kidogo, na sehemu hii husema wazi kuwa ni LibreOffice au programu nyingine. Ndipo unapojua kwa nini mpangilio wa kurasa unavurugika ukiifungua kwenye Word. Kwa ODF, tazama `meta:generator` ndani ya `meta.xml`. Kwa PDF, tafuta `/Producer` na `/Creator`. Ya pili ndiyo programu ambamo waraka uliandikwa, ya kwanza ni iliyougeuza kuwa PDF.

Ndani ya D0 CF 11 E0

Hapa ndipo muda mwingi umetumika, na unastahili. OLE2 ni mfumo mdogo wa faili ndani ya faili moja. Word, Excel na PowerPoint za 97 hadi 2003 zinautumia, lakini pia Publisher, Visio, Works, ujumbe wa Outlook wa .msg, visakinishi vya .msi, na hata Thumbs.db. Zana ikisema tu "Composite Document File" haijajibu swali.

Njia ya haraka ni `7z l faili`, maana 7-Zip huorodhesha mikondo ya OLE2 (faili ndogo zilizo ndani yake) kama ilivyo zipu. Mkondo wa `WordDocument` ni Word. `Workbook` ni Excel 97 na kuendelea. `Book` ni Excel 5 au 95. `PowerPoint Document` na `VisioDocument` hazihitaji maelezo. `Quill` ni Publisher. Majina yanayoanza na `__substg1.0_` ni ujumbe wa Outlook.

Ukikuta `EncryptionInfo` na `EncryptedPackage`, simama. Hiyo ni DOCX, XLSX au PPTX iliyofungwa kwa nywila. Office mpya huifunika ZIP nzima ndani ya OLE2, kwa hiyo faili ya .docx inaanza na D0 CF badala ya PK, na wengi huihukumu kuwa imeharibika au kwamba mtu alikosea jina. Imekamilika, inachokosa ni nywila. Ni ipi kati ya hizo tatu, nje haionekani, na hapo kiendelezi kinabaki kuwa ushahidi pekee. Kwenye jedwali tumeandika hivyo hivyo.

Pale 7-Zip inapokataa, saraka inasomwa kwa mkono. Mfano mmoja wa diski hii: kwenye nafasi ya 30 kuna `09 00`, maana yake kila sekta ni baiti 512 (2 kwa kipeo cha 9). Kwenye nafasi ya 48 kuna `2C 00 00 00`, na kwa kuwa baiti ndogo hutangulia, ni sekta ya 44. Saraka basi inaanzia (44 + 1) × 512 = 23040; ile moja inaongezwa kwa sababu kichwa cha faili kinachukua baiti 512 za mwanzo na hakihesabiwi kama sekta.

`xxd -s 23040 -l 512 faili`

Kila ingizo la saraka ni baiti 128. La kwanza ni "Root Entry", herufi zikiwa na sifuri katikati (`52 00 6F 00 6F 00 74 00`) kwa kuwa majina yameandikwa kwa UTF-16. Ndani ya ingizo hilo, baiti 16 kuanzia ya 80 ni kitambulisho cha programu. Zilisomeka `06 09 02 00 00 00 00 00 C0 00 00 00 00 00 00 46`, ambayo ni Word 97 na kuendelea. Ingekuwa `20 08 02 00` mwanzoni, ni Excel 97. `10 08 02 00` ni Excel 5 au 95. Wakati mwingine baiti hizo zote ni sifuri, kwa kuwa si kila programu huzijaza, na hapo unarudi kwenye majina ya mikondo.

Amri ya `file` nayo husoma mkondo wa muhtasari na kuchapa "Name of Creating Application" ikiwepo. Iamini kwa tahadhari. Maktaba za programu za mahesabu na za ripoti hupenda kuandika "Microsoft Excel" hapo ingawa Excel haikuwahi kuigusa faili hiyo.

RIFF na Access, kwa ufupi

RIFF ina saini ya baiti nne, nne za ukubwa, kisha nne za aina: "WAVE", "AVI ", "WEBP". "CDXA" ni faili za .DAT zilizonakiliwa kutoka Video CD, VLC inazicheza. "CDR" ikifuatiwa na tarakimu ni CorelDRAW, na tarakimu ni toleo, mfano CDR9. Kuanzia X4 CorelDRAW ilihamia ZIP, kwa hiyo .cdr inayoanza na PK haina tatizo. Ukubwa uliotajwa ukijumlishwa na 8 unapaswa kulingana na ukubwa wa faili. Ukizidi, faili imekatwa mkia.

Access: "Standard Jet DB" kwenye nafasi ya 4, na baiti ya 20 inataja kizazi. 00 ni Access 97, 01 ni 2000 hadi 2003. Ikiwa ni "Standard ACE DB", ni 2007 na kuendelea. Tofauti hii ina uzito, maana Access za karibuni hukataa kufungua faili za 97 na inabidi kupitia mdbtools au toleo la kati.

Faili zisizo na saini: hesabu badala ya alama

Folda moja ilikuwa na faili za .001 zinazoanza na baiti 03. Baiti moja si saini, chochote kinaweza kuanza na 03. Hapo kinachothibitisha ni muundo. Baiti 12 za kwanza za mojawapo:

`03 67 05 0C 4C 01 00 00 C1 00 57 00`

Dhana: ni DBF. Kama ni kweli, baiti tatu zinazofuata 03 ni tarehe: 67 ni 103, jumlisha 1900 unapata 2003, mwezi wa 5, tarehe 12. (Programu nyingine ziliandika 03 kwa mwaka 2003, kwa hiyo mwaka unaosomeka 1903 usikushtue.) `4C 01 00 00` ni rekodi 332. `C1 00` ni urefu wa kichwa, 193. `57 00` ni urefu wa rekodi moja, 87.

Sasa jaribio. Kichwa cha DBF ni baiti 32, halafu 32 kwa kila uga, halafu baiti moja ya kufunga, 0D. 193 toa 33 ni 160, gawanya kwa 32 ni uga 5 kamili, na baiti ya 192 ni 0D kweli. Kisha 193 + 332 × 87 = 29077, na baiti moja ya mwisho wa faili (1A) inafanya 29078. `ls -l` inasema 29078. Hesabu mbili zisizotegemeana zimekubaliana, na hakuna bahati inayofanya hivyo.

Umbizo limepatikana, ila 03 huandikwa na dBASE III, FoxBASE+ na Clipper bila tofauti. Programu iliyoiunda haikujulikana kutoka kwenye faili hiyo, ilijulikana kwa majirani zake: folda ilikuwa na faili za .NTX zenye majina yale yale. Fahirisi za .NTX ni za Clipper. Zingekuwa .NDX ni dBASE III, .MDX ni dBASE IV, .IDX au .CDX ni FoxPro. Ndiyo maana kunakili faili moja moja kutoka folda ya zamani ni hasara. Nusu ya jibu inabaki nyuma.

Zana zinapopishana

Rundo zima limepitishwa kwenye `file -k` na kwenye Siegfried (`sf -csv folda > matokeo.csv`). Ya pili inatumia saini za PRONOM, rejista ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, na inatoa kitambulisho thabiti: fmt/40 ni Word 97-2003, fmt/412 ni DOCX, fmt/111 ni OLE2 ambayo aina yake haikujulikana. Angalizo dogo lenye madhara: x-fmt/111 ni maandishi matupu, si OLE2. Ukikata "x-" kwenye lahajedwali umeharibu jedwali.

Safu ya maonyo ya Siegfried isomwe kabla ya safu ya jibu. "Match on extension only" maana yake zana imesoma jina tu kama ungefanya wewe. "Extension mismatch" ndiyo mistari inayovutia.

Kanuni iliyotumika: zana mbili zikikubaliana kwa saini, mstari unafungwa. Zikipishana, au moja ikisema "data" na nyingine UNKNOWN, faili inakwenda kwa TrID, zana nyingine ya utambuzi, na kisha kwenye mikono. Asilimia za TrID ni mgawanyo wa alama kati ya fasili zilizolingana, si uhakika. 100% ya fasili dhaifu ya baiti mbili ni dhaifu vilevile. Tovuti za kupakia faili ili zitambuliwe hazikutumika, kwa kuwa haijulikani nani mwenye taarifa zilizomo.

Maandishi

Faili za maandishi hazina saini bali mstari wa kwanza. `BEGIN:VCARD` ni anwani, `0 HEAD` ni nasaba ya GEDCOM, `{\rtf` ni RTF, `%!PS` ni PostScript. Ikianza na `<?xml`, ruka hadi kipengele cha kwanza: `<kml`, `<gpx`, `<svg` vinajitaja vyenyewe.

Mitego miwili. Faili nyingi za .xls zinazotolewa na mifumo ya ripoti ni jedwali la HTML lililopewa jina la Excel. Ndiyo sababu Excel hulalamika kuwa umbizo na kiendelezi havilingani, kisha huifungua vizuri. Na CSV ambayo safu yake ya kwanza inaitwa "ID" kwa herufi kubwa, Excel huidhania kuwa SYLK, umbizo la zamani la lahajedwali, na kutoa kosa. Ibadilishe iwe "id" na kosa linatoweka.

Zilizofungwa na zilizokufa

Zilizobaki zimepimwa kwa `ent`, inayotoa wastani wa biti za habari kwa kila baiti. Maandishi ya kawaida huwa kati ya 4 na 5. Faili kubwa ikikaribia 8 imebanwa (imepunguzwa ukubwa) au imefumbwa (imegeuzwa isisomeke bila ufunguo). Kubanwa karibu daima huacha saini, kufumbwa si lazima. `Salted__` mwanzoni ni kazi ya OpenSSL; `03 D9 A2 9A` ni KeePass; "-FVE-FS-" kwenye nafasi ya 3 ni diski ya BitLocker. Kontena la VeraCrypt halina alama yoyote kwa makusudi, na hakuna zana itakayolithibitisha bila nywila. Kwa hizo, safu ya umbizo inasema "huenda imefumbwa", basi.

Uharibifu nao una alama zake. PNG inayosomeka `89 50 4E 47 0A 1A 0A`, bila 0D, ilihamishwa kwa FTP katika hali ya maandishi, ambayo iligeuza kila 0D 0A kuwa 0A. Saini ya PNG iliwekewa 0D 0A kwa ajili ya kunasa kosa hilo hasa. Faili iliyojaa `EF BF BD` ilifunguliwa na kihariri cha maandishi kikaihifadhi kama UTF-8. Kila baiti isiyosomeka ilibadilishwa na alama moja, na baiti za asili hazirudi. Faili ya sifuri tupu ina jina na ukubwa lakini haina kitu, mara nyingi kwa sababu nakala ilikatika baada ya nafasi kutengwa. Zipu iliyopoteza kichwa bado huwa na `50 4B 05 06` karibu na mwisho, na hiyo inafaa kujaribiwa kwa `zip -FF`, kwenye nakala.

Kundi la winmail.dat lilionekana kuwa limekufa, lakini linaanza na `78 9F 3E 22`. Hilo ni bahasha la Outlook lenye viambatisho ndani. Amri ya `tnef` inavitoa.

MZ zote zimewekwa kwenye folda tofauti bila ruhusa ya kuendeshwa, pamoja na zile zenye majina ya aina ya `ripoti.pdf.exe`. Kwanza 7-Zip inajaribu kuziorodhesha, maana baadhi ni vifurushi vilivyobanwa vinavyojifungua vyenyewe na yaliyomo yanatoka bila kuendesha chochote.

Za Mac

Faili zinazoanza na `._` na baiti `00 05 16 07` si takataka. Ni AppleDouble, na zinabeba herufi nne za aina na nne za programu iliyounda faili mwenzake. `W8BN` na `MSWD` ni Word 98, `8BIM` ni Photoshop, `ttxt` ni SimpleText. Pale sifa za ziada ziliponakiliwa, `xattr -l` inaonyesha `com.apple.FinderInfo` yenye taarifa hiyo hiyo kwenye baiti nane za kwanza. Hapo faili inamtaja muumba wake bila kuzungushwa.

Hali ya sasa

Ambazo mistari yake imekwisha kujibiwa: PDF, picha, Office za vizazi vyote, DBF, Access, CorelDRAW, DWG. Zinazosubiri nywila: OLE2 zenye `EncryptedPackage`. Zinazosubiri mtu anayejua mifumo iliyokuwa kwenye seva: faili za .dat zenye rekodi za urefu usiobadilika ambazo hakuna rejista inayozitambua. Kwa hizo tumepima urefu wa rekodi kwa kutafuta umbali unaojirudia kati ya majina yanayoonekana kwa `strings -t d -n 8`, na umbali huo umeandikwa kwenye safu ya ushahidi pamoja na nafasi ya rekodi ya kwanza. Nyingine zote za UNKNOWN zitapitishwa tena baada ya `sf -update` kila PRONOM inapotoa saini mpya.